Dogo, usimpe huyo mama picha 40: yaliyonikuta mimi na picha zangu 54

Usimpe.

Nimesoma uzi wako nikiwa nimening'inia kwenye daladala, nikashuka vituo viwili kabla ya kwangu nikae chini nijibu, kwa hiyo nikikosea herufi mnivumilie. Kwa wanaoingia sasa: mleta mada ni kijana mchoraji wa Tingatinga, ule mtindo wa picha za wanyama ulioanzishwa na mzee Tingatinga, anaishi Mwananyamala. Kuna mama wa Kizungu aliyetambulishwa kwake na mjomba wake. Mama anaondoka Ijumaa, anataka kubeba picha 40 akafanye maonyesho kwao, hela atatuma zikishauzwa. Dogo ameuliza atumie rangi gani isiyopasuka, picha zisafiri na fremu au zikiwa zimeviringishwa, BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa) anajisajili vipi, bei aweke kwa euro au kwa shilingi, na kama huu ndio wakati wa kurudisha bodaboda ya watu.

Chini yake mmejaa nyinyi na makofi yenu. "Hongera dogo, fursa hiyo." "Mungu akufungulie milango." Mmoja kaweka ndege tatu zinapaa. Watu 23 wamechangia na hakuna aliyeuliza swali dogo tu la mtu mzima: huyo mama akiingia mitini, dogo atamfuata na nini?

Najua nitaambiwa nina roho ya kwa nini. Ninayo. Nimeinunua kwa hela nyingi na ngoja niwaambie bei yake.

Mimi natoka Tunduru, wilaya ileile aliyozaliwa mzee Edward Saidi Tingatinga mwaka 1932. Kwetu kijana akiaga kwenda Dar wanamuuliza anafikia kwa mjomba yupi anayechora. Nilianza 2001 kwa kuosha brashi za watu kwa mafuta ya taa, nikapanda cheo nikawa napaka rangi ya chini, nikaja kuruhusiwa kuchora majani, mwisho wanyama. Kufika 2011 nilikuwa na kibanda changu Msasani, mke, mtoto wa miaka mitatu na kiburi. Kiburi ndicho kilichonila zaidi ya vyote, ila hapa tutamsema dalali kwa sababu inapunguza maumivu.

Dalali huyo nitamwita Mheshimiwa. Alikuwa anavaa shati la mikono mirefu hata mwezi wa pili, na alikuwa na Kijerumani cha kutosha kuombea soda. Siku moja akaja kibandani na mama mmoja mtu mzima, mpole, ana kofia ya ukili kama tuliyozoea kuwaona nayo watalii. Mama akasimama mbele ya chui wangu akashika shavu. Hakuuliza bei. Mtalii asiyeuliza bei unapaswa kumwogopa, lakini mimi nikaona nimepata anayejua sanaa. Halafu akafungua mkoba akampa mwanangu biskuti. Sasa mtu anayempa mwanao biskuti unaanzaje kumwomba karatasi?

Maneno yakawa haya: ana ukumbi kwao Ujerumani, atatundika picha zangu mwezi mzima, yeye atachukua asilimia 30, zinazobaki zangu. Nichore picha 54. Nikamvuta Mheshimiwa pembeni nikamwambia mwambie basi atoe hata ya rangi na kitambaa. Akanijibu sentensi ambayo nimeikariri mpaka leo: "Usimwombe hela ya mbele. Mzungu akiombwa hela ya mbele anajua wewe tapeli."

Nirudie kwa herufi kubwa kwa sababu dogo umeandika mjomba wako amekwambia karibu hivyohivyo. MZUNGU AKIOMBWA HELA YA MBELE ANAJUA WEWE TAPELI. Sentensi hiyo imenila zaidi ya milioni mbili za mwaka 2011. Na mwenye kuisema alikuwa hajawahi kushika brashi hata ya viatu.

Si yeye peke yake. Wiki mbili nyuma nilikuwa nimehudhuria semina ya wasanii, ya siku moja, soda na sambusa mbili. Mwezeshaji, kitambulisho kinaning'inia shingoni, alitwambia msanii chipukizi asikimbilie hela, akimbilie jina, kwamba jina likishapaa hela inakuja yenyewe inabisha hodi. Tukapiga makofi. Yeye posho yake alisaini kabla ya chakula cha mchana, nilimwona kwa macho yangu. Mpaka leo nikisikia neno mwezeshaji tumbo linauma, hasa upande ilikopita ile sambusa.

Basi nikachora. Mke wangu akakopa 900,000 kwenye kikoba chao, kwa jina lake, maana mimi wale kina mama hawakuwa wananiamini na historia imewapa haki. Nikaenda Kariakoo nikanunua amerikani, misumari, makopo ya rangi. Nikachukua vijana wawili wa kunisaidia rangi za chini. Mwaka ule mnaukumbuka, mgao wa umeme ulivyokuwa. Mchana nachora kibandani, usiku nachora chumbani kwa kandili. Rangi ya mafuta, kopo la mafuta ya taa na moto wa kandili kwenye chumba cha futi kumi kwa kumi, na mtoto amelala pale pembeni. Nikikumbuka hilo nasahau hata hela.

Kwa kandili bluu na kijani ni ndugu. Kuna nyati mmoja nilimpaka usiku nikijua ni mweusi wa kuelekea bluu, asubuhi nikamkuta amekuwa kijani kama mboga ya matembele. Nikamwacha, nikasema ndiyo sanaa. Na kuna chui. Huyu chui mkumbukeni, atarudi. Mguu wake wa mbele wa kushoto nilimwekea kucha sita. Nilikuwa nasinzia. Nilihesabu asubuhi, rangi imeshakauka, nikaona nikifuta nitaharibu na madoa ya mguu mzima, na madoa ya chui unayajua wewe mwenyewe dogo, kila doa unaligusa mara tatu. Nikamwacha na kucha zake sita.

Picha 54: ndogo 34 za 25,000, za kati 14 za 60,000, kubwa 6 za 180,000. Pigeni hesabu wenyewe, mimi nimeshaipiga mara nyingi, inatoka 2,770,000. Nikitoa asilimia 30 za mama na deni la kikoba, nilikuwa nabakiwa na hela ya kumalizia msingi wa nyumba Chanika. Kile kiwanja kina historia yake, tuache.

Siku ya kukabidhi, Mheshimiwa akachana karatasi kwenye daftari la mwanafunzi, akaandika: "Nimepokea picha 54 za wanyama." Mama akasaini. Nikasaini. Mheshimiwa akasaini kama shahidi, tena yeye ndiye aliyekuwa na saini ndefu kuliko wote. Hakuna bei. Hakuna ukubwa. Hakuna picha ipi ni ipi. Hakuna tarehe ya kulipa. Nyuma ya picha zenyewe sikuandika kitu, na mbele saini yangu niliiweka ndogo pembeni chini kabisa kwa sababu Mheshimiwa alinishauri kwamba saini kubwa inachafua picha.

Miezi miwili baadaye nikatumiwa picha za maonyesho kwenye barua pepe. Nikaenda nazo kwenye kompyuta za intaneti pale jirani, nikaita na majirani waone. Ukuta mweupe, taa zinamulika, Wazungu wameshika glasi, chui wangu yuko katikati kama mfalme. Nilifurahi, siwezi kusema uongo. Kijana wa pale kwenye kompyuta, mjuaji, akavuta picha ikawa kubwa, akaniuliza, "Kaka, mbona hapa chini hawajaandika jina lako?" Chini ya kila picha kulikuwa na kikaratasi. Kimeandikwa Tingatinga, Tanzania. Zote 54. Mzee Tingatinga alianza kuchora 1968, akauawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972 kwa kudhaniwa mhalifu. Miaka minne tu ya kazi, na kaacha mtindo unaolisha watu mpaka leo. Kwa mujibu wa ukuta ule wa Ujerumani, miaka 39 baada ya kuzikwa mzee alikuwa bado anachora, tena kwa kandili, tena nyati wa kijani.

Hapo ndipo lile jina la mwezeshaji lilipoishia. Jina lilipaa kweli. Halikuwa langu.

Hela? Ilikuja mara moja. Euro 300, ikatumwa kwa Mheshimiwa maana ndiye "mwenye lugha". Ilinifikia 410,000. Nyingine ilikwenda kwenye usumbufu, nauli, vocha, na kitu alichokiita makato ya kimataifa. Baada ya hapo kimya. Nikamwandikia mama barua pepe kwa Kiingereza cha kusaidiwa, akajibu mambo ya uchumi kwao magumu, watu hawanunui. Nikaandika tena, akajibu anaumwa. Ya tatu hakujibu. Ya nne ilirudi yenyewe, anwani haipo. Mheshimiwa naye akawa kila nikimpigia yuko Arusha. Mwaka mzima mtu yuko Arusha, hata Mlima Meru hauko Arusha kiasi hicho.

Kisha siku moja akaja kijana wa Kijerumani wa kujitolea, mpole masikini, ametumwa mzigo. Kafungua sanduku, katikati ya nguo zake kuna picha zangu 9 "ambazo hazikuuzwa". Zimekunjwa. Si kuviringishwa, KUKUNJWA, mara nne, kama shuka za hospitali. Unajua rangi yetu ilivyo, inakauka inakuwa ngumu inang'aa kama ganda. Nilipoikunjua ya kwanza ilitoa sauti ya chapati kavu. Twiga shingo imekatika sehemu mbili, na rangi ya twiga imebaki mapajani mwangu, vipande vipande vya njano. Yule kijana akaniomba msamaha kwa kosa ambalo si lake. Nikamwonea huruma nikampa soda, deni likaongezeka.

Wazee wetu walichora kwenye hadibodi kwa rangi ya baiskeli. Hadibodi ina adabu, haiwezi kukunjwa ikatiwa chini ya soksi za mtu. Sisi tukahamia kwenye kitambaa ili mtalii apate urahisi wa kubeba, na urahisi huo tumeulipia sisi.

Sasa kikoba. Hapa ndipo pananiuma na ndipo wengi mnaomshangilia dogo hamfiki. Jumamosi moja walikuja kina mama watano nyumbani. Hawakugomba. Laiti wangegomba. Waliketi mkekani, wakanywa chai, wakamsifu mtoto kwamba amekua. Mwenyekiti wao akawa anaangalia nyumba taratibu, anaanzia dirishani, anamalizia kwenye kona ilipokuwa cherehani ya miguu ya mke wangu, aliyopewa na mama yake. Hakuna aliyetamka neno deni. Mke wangu akainuka mwenyewe, akatoa kitambaa kilichokuwa kwenye sindano, gauni la shule la mtoto wa jirani, limeshonwa upande mmoja tu. Akalikunja. Akasema, "Mama mwenyekiti, mtaibeba au niwatafutie mkokoteni?"

Gauni lile alilimalizia kwa mkono. Mimi nilitoka nje nikajifanya napokea simu.

Mniruhusu nicheke kidogo hapa: mkokoteni nililipia mimi.

Tunaendelea. Mwaka 2013 niko kibandani, anakuja mtalii binti, begani ana mfuko wa kitambaa wa kubebea vitabu. Kwenye mfuko kuna chui. Nikamwangalia chui, chui akaniangalia. Nikainama kama nafunga kamba ya kiatu (nilikuwa na kandambili) nikahesabu. Kucha sita. Mguu wa mbele wa kushoto. Pembeni chini, palipokuwa na saini yangu ndogo isiyochafua picha, wamekata. Binti akanionyesha chui wangu wa kibandani, akaniuliza bei, nikamwambia. Akaangalia mfuko wake, akaangalia picha, akasema kwa upole kabisa kwamba ya kwangu ni ghali na inaonekana imeigwa kutoka kwenye mfuko.

Nilimpunguzia bei. Sina la kujitetea, ilikuwa mwisho wa mwezi.

Nilipoulizia mambo ya haki nilikwenda ofisi moja, mhudumu akaniuliza mkataba uko wapi, nikampa ile karatasi ya daftari. Akaisoma, akaigeuza nyuma kuona kama kuna zaidi, akasema, "Picha 54 za wanyama. Wanyama gani?" Nikamtajia. Akasema haijaandikwa. Mwanasheria niliyempata kwa kujuana alinieleza vizuri zaidi, na haya dogo uyashike kwa sababu ni kweli na hayana gharama: kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 kazi ni yako tangu unapomaliza kuichora, hata kama hujaisajili popote, na inalindwa maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa. Anayenunua picha amenunua kile kitambaa chenye rangi, hajanunua haki ya kumweka chui wako kwenye vikombe na mifuko. Hiyo anapaswa kukuomba kwa maandishi na kuilipia kivyake. Akaniambia pia Tanzania imo kwenye Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, tangu 1994, kwa hiyo hata Ujerumani haki yangu inatambuliwa. Nikamuuliza, na nauli yangu ya kwenda kuidai inatambuliwa na nani? Akacheka. Nilikuwa sitanii.

Ndiyo maana hata mtu akikwambia "andikishaneni tu mkataba mzuri", msikilize nusu. Karatasi andika, sawa, kila picha na namba yake nyuma, jina lako, ukubwa, bei, na uipige picha kabla haijatoka. Lakini karatasi inafanya kazi pale unapoweza kumfikia aliyeisaini. Mimi hata ningekuwa na kurasa kumi zenye mihuri, ningezifanyia nini nikiwa Msasani na yeye yuko mji ambao hata kuutamka siwezi?

Kanuni yangu ni moja. MALI KAULI, YAANI MZIGO WA KULIPWA BAADAYE, MPE MTU UNAYEWEZA KWENDA KUMDAI KWA DALADALA NA KURUDI SIKU HIYOHIYO. Wengine wote, hela kwanza. Awe Mzungu, awe Mbongo, awe mchungaji, awe binamu yako anayeishi Dubai. Sijali rangi, najali nauli.

Nimeipima kanuni hii kila upande. Kuna hoteli moja Mbezi Beach wana picha zangu kwa mali kauli mwaka wa sita sasa. Kwa nini wananilipa? Kwa sababu kila tarehe 15 napanda daladala naenda kukaa pale mapokezi na kandambili zangu na shati la rangi, nakaa kwenye lile kochi jeupe mpaka meneja aone naharibu mandhari. Hajawahi kunikalisha zaidi ya dakika 40. Zanzibar nilijaribu, duka la Mji Mkongwe, nikajidanganya kwamba boti ni kama daladala. Mwenye duka alikuwa mwaminifu, alilipa, ila kwa kuvuka mara tatu kumfuata, nauli ilikula faida yote nikabaki na urojo niliokunywa Forodhani. Boti si daladala.

Na msiniambie huo ni ushamba, kwamba sanaa kubwa lazima ivuke bahari. Mzee Tingatinga mwenyewe alikuwa anauzia nje ya duka la Morogoro Stores pale Oysterbay, na wateja wake wengi walikuwa Wazungu waliokuwa wanaishi palepale mtaani. Picha mkononi, hela mkononi. Bahari walivuka nazo wao, walipomaliza mikataba yao ya kazi, na wakati huo yeye alikuwa hawadai kitu tena. Simon Mpata, mmoja wa wanafunzi wake, naye alipohamia Kenya aliwafuata wateja kule waliko, akaja kupendwa mpaka na Wajapani, leo kuna hoteli ya kitalii Maasai Mara inabeba jina lake. Hakukaa Dar akisubiri barua pepe. Alihamisha kituo cha daladala, ukipenda kusema hivyo.

"Lakini huyu mama ni mtu wa kanisani." Nimeliona hilo kwenye uzi wako, umeliandika mara mbili. Dogo, wa kwangu alimpa mwanangu biskuti. Sijui hata kama alikuwa mwizi, nakwambia ukweli. Inawezekana kweli aliumwa. Inawezekana ukumbi ulimfia. Inawezekana mifuko ilitengenezwa na mtu mwingine aliyenunua picha akaona hakuna jina la mtu hai. Miaka yote hii sijajua, na kutojua kwenyewe ni sehemu ya hasara. Angekuwa anakaa Sinza ningekuwa nimejua siku ya pili.

Sasa fanya hivi. Mwambie huyo mama: picha 40 hapana, picha 8, na zilipwe zote leo kwa bei ya jumla. Ukimpunguzia hata asilimia 40 unabaki na hela na usingizi. Akitaka zaidi alipie zaidi. Akisema hana hela ya picha 8, basi ukumbi wa kutundika 40 anaulipia na nini? Akisema hivyo sivyo wanavyofanya kwao, mwambie ndivyo tunavyofanya kwetu, na picha ziko kwetu. Akikasirika akaondoka, umepoteza kitu gani? Picha zako zote unazo. Tafadhali kaa na hilo swali kabla hujakimbilia kunijibu, maana mimi nilikuja kulijibu mbele ya kina mama watano wa kikoba.

Na mjomba wako muulize kitu kimoja tu, kwa adabu, shikamoo kwanza: "Mjomba, asipolipa, utanilipa wewe?" Halafu usiongee. Mwangalie anavyotafuta ndala zake.

Mengine uliyouliza... fremu hapana, viringisha, upande wenye rangi uwe nje, ndani ya bomba nene la plastiki, na zikae wiki mbili baada ya kukauka ndipo uziviringishe, si usiku wa kuamkia safari. Rangi watakujibu wengine, kila mchoraji ana duka lake analoapia. BASATA wapo humu wanaojua taratibu za sasa kuliko mimi. Bodaboda usirudishe. Kwani ulikuwa umeshairudisha?

Mke wangu nilimnunulia cherehani nyingine, ya umeme, mwaka 2016. Anasema inashona vizuri. Gauni la kwanza alilolishona nayo alilishona upande mmoja akaliacha wiki nzima juu ya meza, sijui kama alisahau au alikuwa ananiambia kitu, na sikuuliza.

Ila nimerudi kusoma uzi wako mara ya pili na kuna kitu kimenishtua zaidi ya yote. Umeandika "picha 28 zimeshakamilika, zipo kwa mjomba Mbagala". Zinafanya nini kwa mjomba? Mama anaondoka Ijumaa, leo Jumatano. Funga simu, nenda kazichukue sasa hivi, zote, zihesabu ukiwa palepale mlangoni. Ukimaliza rudi hapa uniambie umekuta ngapi. Mbagala daladala zipo mpaka usiku.